Kompyuta Namba Nne Haikujua Anwani Yake

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, nikasimama kwenye ngazi hadi saa mbili kwa sababu niliona aibu kubisha. Mlango ulikuwa wazi muda huo wote. Duka, la huduma za kompyuta na faksi, lilikuwa Kariobangi, ghorofa ya kwanza, juu ya karakana ya mafundi wa sufuria. Meneja, mama mkali mwenye miwani, aliponikuta aliniuliza, "Wewe ndiye yule wa kidato cha nne? Na mdomo uliuacha shule?"

Nawaandikia nyinyi mnaomaliza shule mwaka huu na mnaoitamani kazi hii. Kesho naiacha, niende chuo cha ualimu. Najua wanaosimulia kazi zao ni wazee waliostaafu, na mimi nina miaka kumi na tisa tu. Lakini mambo niliyoyafanya kwa mkono mwaka jana, leo programu zinayafanya zenyewe. Nisipoyaandika nitayasahau, pamoja na kosa langu.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa meza ya kupiga chapa, barua za kuomba kazi na ratiba za mazishi. Kisha nikahamishiwa faksi. Mwishowe Fundi Mkuu, mzee mpole aliyewahi kuwa fundi wa simu, akanipandisha hadi kompyuta namba nne, ya wateja wa mtandao.

Tulikuwa na kompyuta nne na laini moja ya simu. Namba moja ndiyo iliyoshika modemu, kile kisanduku kinachopigia simu kampuni ya mtandao kwa mlio wa kukwaruza. Zile tatu zilipitia kwake, kama wapangaji wa ploti wanaotumia geti moja. Kila moja ilikuwa na nambari ya ndani, na yangu ilikuwa 192.168.0.4. Fundi Mkuu alinifundisha hivi: "Hiyo ni namba ya chumba, kijana. Kila ploti ina chumba namba nne. Huwezi kumwambia mtu wa nje akutafute kwa hiyo." Huko nje tulionekana kwa nambari nyingine, tuliyopewa na kampuni kila tulipopiga, na laini ikikatika inabadilika.

Jumatano moja akaja Mama Barasa wa Makongeni. Mumewe, aliyetengeneza mabehewa ya reli, alikuwa amefariki. Gari la kupeleka mwili kwao magharibi lingeondoka Ijumaa alfajiri, na mazishi ni Jumamosi. Barasa, mwanawe wa pekee, alikuwa anasoma Ujerumani na hakuweza kuja. Alikuwa amerekodi maneno ya kumuaga baba yake, sisi tuyatie kwenye kaseti, yachezwe kaburini.

"Watu wa kwetu watauliza mtoto yuko wapi," Mama Barasa alisema. "Nataka wamsikie."

Rekodi ilikuwa nzito, barua pepe ikaikataa. Ilibidi kompyuta ya Barasa iipeleke kwenye yangu moja kwa moja, kwa programu ambayo haina kituo cha katikati. Programu ikauliza anwani yangu. Nikaisoma kwenye kioo cha kompyuta, 192.168.0.4, nikamtumia Barasa.

Nitasema ukweli. Nilipokuwa naiandika nilikumbuka habari ya chumba. Fundi Mkuu alikuwa mtaa wa Mukuru kwa Njenga, anatengeneza mashine za kiwanda kimoja hadi Jumamosi, na alikuwa ameniachia nambari ya simu ya huko. Niliishika simu mara mbili. Nikawaza, nitaongea na nani, nitaanzaje, wakinicheka je? Nikaiweka chini. Nikajiambia labda itafika tu.

Alhamisi nzima nilikitazama kioo. Mama Barasa alikaa kwenye benchi na kaseti mpya mkobani. Saa kumi jioni Barasa aliandika: "Dada, nambari uliyonipa, hapa kwetu ni ya printa ya bweni."

Meneja alifunga duka saa kumi na mbili. Gari la Ijumaa likaondoka bila kaseti.

Jumamosi asubuhi Fundi Mkuu alirudi, akasikiliza. "Kompyuta haiwezi kujiona," akasema. "Yenyewe inajua namba ya chumba tu. Uliza mashine iliyo nje, 'Wewe unaniona nikitoka wapi?' Ikikujibu, uliza na ya pili, maana moja inaweza kukosea. Zikikubaliana, hiyo ndiyo anwani." Akauliza mbili, zikakubaliana, nami nikamtumia Barasa anwani hiyo. Kisha akaiagiza namba moja, iliyo getini, kwamba chochote kitakachobisha kutoka kwa Barasa kipelekwe namba nne. Saa sita rekodi ilikuwa imefika. Saa hiyo huko magharibi walikuwa wanafukia.

"Si ungenipigia?" aliniuliza.

Mama Barasa alirudi baada ya wiki mbili. Nilimweleza kosa lilikuwa langu, na kwa nini.

Alinitazama sana. "Kwani huyo fundi angekumeza?" Hakusema kwa hasira, na hiyo iliniuma zaidi. "Basi niwekee nimsikie."

Nikamvisha vidude vya masikioni. Barasa alikuwa amerekodi kwa sauti ya chini, na huku chini yetu wanagonga sufuria. Mama Barasa akatikisa kichwa. "Simsikii."

Nilishuka ngazi mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nikiwapita wale mafundi nikiangalia viatu vyangu.

"Niaje, siste," mmoja akasema. "Kumbe leo tunasalimiwa?"

"Naomba msimamishe kugonga kidogo," nikasema. "Juu kuna mama anamsikiliza mtoto wake akimuaga baba."

Hakuna aliyecheka. Nyundo zikawekwa chini. Rekodi ilikuwa ya dakika nne, na Mama Barasa aliisikiliza mara mbili. Walingoja mpaka niliposhuka tena kuwaambia amemaliza.

Kesho namkabidhi msichana mpya kompyuta namba nne. Programu ya sasa inaziuliza mashine za nje yenyewe, kwa hiyo hapo sina la kumfundisha. Nambari ya simu ya Fundi Mkuu nimeibandika ukutani. Nitamwambia aipige mara moja, mbele yangu, nikimsikia.