Pikipiki ya Baba Iliyokataa Kukaa Sailensi

Watu wengine harufu ya petroli huwatia kichefuchefu. Mimi hunitia usingizi. Dereva wa bodaboda akisimama pale Kibiti kujaza mafuta, navuta pumzi polepole, macho yanalegea, na kabla hajafunga tangi nimeshafika zamani bondeni, njia ya kwenda Mbuchi, juu ya dungu la bibi yangu. Msinifikirie vibaya, jamani, sivuti petroli. Ni harufu mbili zilizonikuta pamoja nikiwa mdogo, petroli na mpunga unaochanua, na mpaka leo siwezi kuzitenganisha.

Dungu, kwa asiyelijua, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba. Mpunga ukianza kuzaa, watu wa kwetu huhamia huko na vyungu vyao, wakaamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga, mpaka siku ya kuvuna. Mwaka ule tulihamia watatu: bibi mzaa mama, mama, na mimi. Baba alibaki Kibiti. Nilipouliza kwa nini, bibi alinijibu, "Mama yako yuko kwenye eda. Kula wali." Nikala wali. Nilidhani eda ni jina la lile bonde.

Mambo ya wakubwa niliyajua baadaye. Baba alikuwa na pikipiki nyekundu ya zamani, na siku moja aliifungua kabureta yake akailoweka kwenye sufuria ya mama, ile kubwa aliyopewa siku ya harusi, ya pilau. Mama akatupa nje sufuria na kabureta na petroli yake. Maneno yakazaa maneno, baba akapandwa na hasira, akatoa talaka moja palepale mlangoni, bisibisi mkononi. Talaka moja bado ina mlango: kabla eda, ile miezi ya mke kungoja, haijaisha, mume akitamka kuwa amemrejea mkewe, ndoa inasimama. Asipotamka, basi tena, kila mtu na njia yake. Na baba yangu alikuwa mtu ambaye hasira humtoka mara moja, lakini neno jema linaweza kumkaa kooni msimu mzima.

Ijumaa moja, baada ya swala, akaja. Nilimsikia kabla sijamwona, maana juu ya dungu unasikia kila kitu: kwelea wakishuka, makopo yakigongana kwenye kamba, vyura, mtu akikohoa shamba la tatu. Akaegesha chini ya mkorosho uliokuwa kando ya dungu, akanipa kashata, akasema amekuja kumwona mtoto tu, anaondoka sasa hivi. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga mzigo kwenye gunia, wa mviringo, nami nikajua ni spea.

Akapiga kiki. Ikawaka. Akaachia mafuta. Ikazima.

Mafundi wetu ule mngurumo mdogo, injini ikiwa imesimama inajihemea yenyewe, huuita sailensi. Pikipiki ya baba ilikataa kabisa kukaa sailensi. Akikaza mkono inanguruma, akiulegeza inakohoa, tu, tu-tu, tu, kisha kimya. "Haiwezi kufika Kibiti hivi," alisema, akiutazama ule mkorosho na siyo sisi. "Lazima niiangalie."

Basi akaiangalia jioni nzima. Alitandika gunia jingine, akashusha kabureta, akafungua kikombe chake cha chini, akatoa jeti, kale kashaba kenye tundu dogo kama la sindano, akakazibua kwa njiti ya ufagio wa chelewa, akakapuliza, akakainua juu angani na kufumba jicho moja. Akakaweka na kwenye jicho langu, nikaona jua zima limeingia ndani ya kitundu kile. Alipaka maji ya sabuni kwenye mpira wa kabureta kutafuta kama unavuta hewa. Yote hayo aliyafanya amempa bibi mgongo, kwa adabu ya mkwe, na chakula chake nilimpelekea mimi upande wa pili wa mkorosho. Mama alikuwa juu dunguni anapepeta mchele. Hawakusemeshana. Mara baba anauliza, kama anaiuliza pikipiki, "Sijui kama kuna kitambaa kibovu," na mara kitambaa kinamwangukia magotini kutoka juu. Akalala kwa jirani, akaondoka asubuhi.

Ijumaa iliyofuata, ugonjwa ni uleule. Na iliyofuata tena. Siku moja uchafu, siku nyingine hewa, siku nyingine plagi. Nami nilizipenda zile jioni, jamani, nilizipenda mno! Upepo ukipita juu ya mpunga, bonde zima likilala na kuinuka, petroli ikinukia, baba akipuliza tundu, mama akiimba kwa pua akidhani hasikiki. Sikuwa na akili nyingi, lakini hili nililijua: ikipona, baba hatakuja tena. Kwa hiyo usiku nilikuwa naomba dua, ya kwangu mwenyewe, Mungu asiiponye pikipiki ya baba.

Bibi hakuwa na raha. Nilimsikia akimwambia mama, "Mwanangu, eda yako inakwisha. Na huyu bwana anachokonoa chuma tu!"

"Mwache achokonoe," mama akasema, lakini siku ile hakula.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa juu na kombeo langu. Nikaisikia pikipiki mbali, inakuja vizuri kabisa, laini. Ilipofika kwenye kona ya mikoche, ikasimama, ikajihemea bila kukohoa hata kidogo. Nikamwona baba anashuka, anachungulia huku na huku, anainama na bisibisi. Ndipo ikaanza: tu, tu-tu, tu. Akapanda, akaja nayo ikikohoa hivyohivyo, akikaza mafuta isizime.

Nikamwambia mama, bila kujua nasema nini, "Mama, baba kaiamshia ugonjwa pale konani."

Mama aligeuka akamtazama baba anavyokuja. Kisha akacheka. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau, kinaanza tumboni, mabega yanatikisika kabla sauti haijatoka. Akajitanda khanga vizuri, akashuka ngazi.

Baba alikuwa ameshaanza kukunjua gunia lake la kutandika. Mama akanyoosha mkono, akachukua bisibisi, akapiga kiki mwenyewe, mguu peku. Mkono mmoja mama akashika mafuta, mwingine akaupeleka kwenye skrubu ndogo ya sailensi, ubavuni mwa kabureta, akaikaza kidogo, akasikiliza, akalegeza nusu, akasikiliza tena, kama alivyomwona baba akifanya Ijumaa zote zile. Kisha akaachia mafuta.

Pikipiki ikakaa. Tutu, tutu, tutu, tutu. Tulivu, kama paka aliyeshiba.

"Haya, Baba Zuhura," mama akasema. "Imepona. Njia ile pale. Una shida nyingine?"

Mimi juu nikaangua kilio. Nililia kwa sauti, kwelea wametanda kwenye mpunga wa bibi wanakula watakavyo, nikawa napiga kelele, "Umeiponya! Umeiponya, sasa hatakuja tena!"

Baba akainua uso akanitazama. Sijawahi kumwona mtu mzima na uso ule, wala sitaki kuuona tena. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwona anamtazama bibi usoni.

"Mama," akasema, "nishuhudieni. Nimemrejea mke wangu. Kama naye ananiridhia."

"Mtaje jina," bibi akasema, hana haraka, macho yamemjaa machozi. "Wake wako wengi duniani."

"Mwanahamisi," baba akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akilitamka jina la mama.

Mama akapangusa bisibisi kwenye pindo la khanga. "Na sufuria yangu?"

Baba akafungua ule mzigo wa nyuma ya kiti. Ijumaa zote alikuja nao na kurudi nao. Ilikuwa sufuria mpya, kubwa, inang'aa, na ndani yake mna vumbi la njia nzima ya Kibiti.

Siku hizi baba ni mzee, na nikimtania kuhusu skrubu ile hujifanya hasikii. Nilichelewa kuelewa kwamba mtu anaweza kuchafua mikono msimu mzima akitafuta ubovu asioutaka upatikane, kwa sababu kusema "nimekosa, rudi" kunamshinda. Nami nilikuwa naomba dua dhidi ya kitu kilekile nilichokuwa nakitaka.

Jioni ile baba alipanda dunguni kuamia ndege pamoja nami. Mama aliiosha sufuria mpya, akainjika. Hakuna aliyekumbuka kuizima pikipiki. Ilibaki chini ya mkorosho inajihemea, tutu, tutu, nami nimelala kwenye paja la baba, mkono wake unanuka petroli, hadi tangi likakauka ikazima yenyewe. Na safari hiyo hakuna aliyeteremka kuiangalia.