Nguo ya kulala isiyofungwa

Leo nimeletewa nguo ya kulala mbele ya jumuiya yote ya kanisa.

Na ni mimi niliomba. Nilimwandikia muuzaji wa mtandaoni asinifungie mzigo na karatasi za nailoni, nimechoka kuzichoma na takataka hapa kwangu Lanet.

Akanisikia kabisa.

Tukiwa katikati ya rozari kwangu, mtu wa boda akaingia na nguo yangu ya lesi nyekundu imening'inia kwa usukani. "Mathe, mzigo wako."

Wamama wote wakageuza macho kwa usukani.

Sikujificha. Nikaikunja, nikaiweka kwa kiondo, nikaendelea kusali.

Wakitoka, mwenyekiti wa jumuiya akanivuta kando. "Ukiagiza tena, agiza na yangu, zije safari moja. Lakini yangu ifungwe na gazeti."

Nimeshaagiza. Nani mwingine anaongeza yake kwa hiyo boda?