Bati la Chumba cha Bibi

Mpaka leo, mawingu yakitanda, huinua macho darini kwanza, ndipo niulize kama nguo zimeanuliwa. Maradhi haya niliyapata Madungu, Pemba, nyumbani kwa baba, miaka ile vyama vingi viliporudi.

Nyumba yetu ilikuwa na mapaa mawili ya bati yaliyokutana juu ya chumba cha bibi, mama yake baba. Hapo yalipokutana palikuwa na mfereji, na mfenesi wa jirani uliumwagia majani bila huruma. Kila mwaka kabla ya masika alikuja fundi mmoja wa Tibirinzi, rafiki wa baba tangu chuo cha Kurani. Alifagia majani, akagonga msumari mmoja mmoja kusikiliza uliolegea, akabadilisha mipira ya misumari iliyokauka, akapaka lami kwenye maungio. Ukimwonyesha doa darini alikucheka. Maji huingia pengine, alisema, yakafuata mbao, yakatokea kwingine. Ukitaka tundu, panda ulitafute upande wa juu, usihangaike na doa.

Kisha ikaja siasa. Yeye akawa upande ule, sisi upande huu, na Pemba ya miaka ile hilo halikuwa jambo dogo. Watu waligoma kununua dukani kwa wenzao. Waligoma hata kuzikana. Baba, mwalimu mzima aliyewaimbisha watoto wa watu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, akasema mtu yule hakanyagi tena bati lake. Masika mawili yakapita mfereji haukuguswa. Mwaka wa tatu doa la rangi ya chai likatokea darini, na baba akaleta mtu wa upande wetu.

Alikuwa seremala wa vitanda. Alipiga misumari kwa bidii, yote kwenye mabonde ya bati, mle mle maji yanamopita. Nilimtazama kutoka uani, najua anakosea. Nilikuwa nimerudi kwetu juzi tu na talaka yangu mkononi, na mwanamke wa namna hiyo hamsahihishi mtu aliyeletwa na babake.

Masika yalipoingia, bibi alikuwa amepooza upande mmoja. Nilimuuguza mimi. Siku ya kwanza nilisogeza kitanda chake dirishani. Siku ya pili, mlangoni. Siku ya tatu sikuwa na pa kukisogeza. Mbao za dari zilivimba juu ya kichwa chake. Nilizikodolea macho mchana kutwa, naogopa hata kwenda chooni, nisije nikarudi nikamkuta amefunikwa nazo. Kuhamishwa alikataa. Katika chumba kile aliingia bibi harusi, alisema, na humo ndimo atakamotolewa.

"Kamwite fundi," akaniambia, na hatukuhitaji kuulizana fundi yupi. "Mie sitaki kufa nimerowa."

Sikuomba ruhusa. Nilijifunika kanga zangu nikaenda Tibirinzi kwa miguu, mvua inanichapa. Fundi hakuuliza neno ila hali ya bibi. Mvua ilipopungua alikuja na ngazi yake begani. Baba alikuwa amekaa barazani, hatua tatu tu kutoka kwake, na watu wazima wale wakasemeshana kupitia kwangu.

"Mwambie babako, nsumari hupigwa ngongoni mwa bati, haupigwi bondeni."

"Mwambie nimesikia."

Akang'oa misumari ya seremala, akaziba matundu kwa vitambaa na lami, akateremsha ndoo nne za majani yaliyooza. Alasiri mvua ikarudi kwa kishindo. Nilikaa nikisubiri tone, nikasubiri, halikuja. Nililia kwa raha, na bibi akaniuliza nalilia nini na yeye hajafa bado.

Alifariki baada ya masika, kitanda chake kikavu. Siku ya maziko fundi alisimama ng'ambo ya barabara, kanzu na kofia, akingoja walau aashiriwe. Jeneza lilipotoka, baba alimwona. Nilichungulia dirishani nikamwona baba akimwona, kisha akainamisha uso, akapita. Nilimwonea aibu baba yangu, na aibu ile haijanitoka.

Mwaka uliofuata, joto lilipozidi na mawingu kuanza kujikusanya, baba aliniambia nikamwite fundi. Nikamwambia aende mwenyewe. Alivaa kofia yake, akafika mlangoni, kisha akaivua akaitundika msumarini.

Basi nikaenda Tibirinzi kuazima ngazi tu, maana ndefu kama ile sikuijua nyingine. Nilimkuta fundi anakunywa chai.

"Atapanda nani?" akaniuliza.

"Mie, ami."

Alinitazama, akaweka kikombe chini, akainuka akaitia ngazi begani.

"Bibi yako sikun'zika," akasema. "Tangulia, nikakitazame chumba chake."