Zamu ya Mzee Geti

Mimi ni kinyozi, na kinyozi asiye na ulimi hana wateja, kwa hiyo mnivumilie. Nataka kumsema mtu. Mwishoni nitamsema vizuri, ila kwanza nitamsema vibaya, maana alinitesa.

Tunamwita Mzee Geti. Alilinda lango la kiwanda cha magodoro miaka thelathini na moja. Ni mrefu, mkavu, amekula chumvi nyingi, na hata leo akikusalimia anakutazama kwanza mikononi, aone umebeba nini. Miezi mitano iliyopita alistaafishwa. Tangu hapo akawa anakuja kunyolewa kila baada ya siku mbili, na kichwa chenyewe kina nywele za kuhesabika. Nikaelewa kwamba hakufuata wembe, alifuata watu.

Nyuma ya saluni nina chumba kidogo chenye televisheni na mashine ya gemu, niliyoiweka ili wateja wanaosubiri wasinikimbie. Shemeji yangu, fundi baiskeli, ndiye aliyepakua mle mchezo wa kupiga mazombi. Ulishuka polepole, siku mbili nzima, kwa intaneti ya simu yake, naye akawa ananiletea habari zake asubuhi na jioni kama za mgonjwa. Mchezo wenyewe hauna mambo mengi. Mazombi yanakuja makundi kwa makundi, mnayapiga risasi. Mwenzenu akianguka, mnamsimamia mpaka ainuke. Mwisho lori linapiga honi, na lazima wachezaji wote wanne wapande kabla dakika moja haijaisha. Akibaki hata mmoja, wote mmekufa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na aliyetengeneza mchezo ule alilijua hilo vizuri.

Wanne tulikuwa mimi, shemeji, Mzee Geti, na Sista, muuguzi wa hospitali ya jirani. Jumapili saa tisa mchana nafunga saluni, tunabanana kwenye benchi moja. Nilidhani mzee ndiye atakayesumbuliwa na vitufe. Wapi! Yule mtu ana macho. Zombi halijatoa pua kwenye kona, keshalilaza. Tulipita hatua tisa tukicheka.

Hatua ya kumi ndiyo iliyotutoa jasho. Hiyo ina geti. Mnayazuia mazombi pale getini, kisha honi inalia nyuma ya jengo, nanyi mnakimbilia lori. Sisi tunakimbia. Mzee hakimbii. Anabaki getini anapiga risasi, ametulia kabisa, huku sisi tuko juu ya lori tunamwita mpaka sauti zinakauka. Dakika inaisha, tunakufa. Jumapili tatu mfululizo! Nilimbembeleza, nikamchorea ramani nyuma ya kalenda. Ananiitikia vizuri kwamba ameelewa, honi ikilia yuko palepale. Sikio la kufa halisikii dawa, na hilo sikio lake lilikuwa linatuua sisi wote.

Jumapili ya nne nikamwambia wazi, tena mbele ya wenzake, kwa sababu hasira zangu ziko karibu. Leo ukibaki getini, nikasema, Jumapili ijayo rimoti yako ya kuchezea nampa mpwa wangu, ana vidole vyepesi. Sista alinikata jicho. Mzee alijibu kwamba ni sawa, akafuta viganja kwenye suruali, mara mbili. Mke wake alishawahi kuniambia kwamba Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mzee anavaa viatu bila kusukumwa. Nililikumbuka hilo, na bado sikurudisha neno langu.

Tukaanza. Honi ikalia, tukakimbia watatu, tukapanda. Kutazama, mzee yuko getini. Nikamuuliza, kwa sauti ninayowatolea wateja wasiotulia kitini, anangoja nini hasa.

"Namngoja wa kunipokea," alisema, macho kwenye skrini. "Lindo haliachwi hivi hivi. Hata siku ya mwisho kiwandani nilingoja. Walikuwa wameweka geti la umeme, basi hakuja mtu. Nikangoja mpaka kesho yake saa saba mchana, mke wangu akaja kunichukua."

Shemeji aliacha kubonyeza, zombi likamtafuna mguu palepale juu ya lori.

Sista ndiye aliyeelewa upesi. Wauguzi nao hawatoki wodini mpaka wa zamu nyingine afike, wapite pamoja kitanda kwa kitanda. Akaruka kutoka kwenye lori, akakimbia mpaka getini, akasimama kando ya mzee.

"Baba, nimefika," alimwambia. "Nakupokea. Nipe ripoti."

Hapo ndipo tulipokosea hesabu. Tulitarajia aseme ni shwari, akimbie. Kumbe Mzee Geti hajui ripoti fupi. Aliweka rimoti magotini, akanyoosha mgongo, akaanza. Bawa la kushoto la geti ni zima, la kulia limelegea bawaba ya juu. Walioingia hakuna. Waliojaribu ni wengi, na wengi wao wamelala. Taa ya pembeni haiwaki. Risasi zimebaki kumi na mbili. Kila jambo Sista anaitikia kwamba amelipokea, na huku zombi limemng'ang'ania begani. Mzee alipofika kwenye hali ya uzio, skrini ikawa nyekundu. Tulikufa wote wanne, ila wawili wetu walikufa kwa utaratibu.

Tulicheka mpaka benchi likalia. Mzee naye alicheka, nikayaona meno yake ya nyuma kwa mara ya kwanza. Kisha akatulia. Akasimama, akaishika rimoti kwa mikono miwili, akaniletea.

"Kijana wangu, hii ni nzima," alisema. "Kitufe cha kulia kinakwama kidogo, mpwa wako abonyeze kwa ukucha. Waya asiuvute. Sina la zaidi. Nipokee."

Akasimama mbele yangu wima, akingoja neno moja tu. Hakuwa na kinyongo. Angekuwa nacho, ningejua la kumjibu. Nilitoa sharti, limemshinda, amekuja kukabidhi, basi. Niliona aibu, na pale pale nikampenda yule mzee kuliko nilivyowahi kumpenda mteja yeyote.

Nikaikunja mikono kifuani.

"Sikupokei," nilimwambia.

Mzee akanisogezea rimoti tena. Akamgeukia Sista, Sista akaficha mikono nyuma. Akamgeukia shemeji, naye akainama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo alikuwa amevaa ndala. Mzee Geti akashusha pumzi, akarudi kwenye benchi, akakaa mahali pake.