Ubavu wa Gia ya Pili

Nikinusa petroli iliyochanganyika na oili nyeusi, hata huku nilikohamia, narudi moja kwa moja kwenye kibanda cha shangazi yangu Skolastika pale Mbinga mjini. Nina miaka kumi, mikono imo ndani ya karai, nasugua gia za pikipiki kwa mswaki mkuukuu. Jumapili kanisani wasichana wenzangu walinukia sabuni. Mimi nilinukia injini. Sikuona aibu hata kidogo, maana kila mwenye pikipiki alijua kwamba giaboksi ikisumbua, inapelekwa kwa Shangazi Skola.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila gia iliyotoka kwenye shafti aliilaza juu ya gunia la kahawa kwa mpangilio, kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Kisha alinipa nipitishe ukucha kwenye meno. Ukucha ukikwama, gia imeliwa. "Macho hudanganywa na mng'ao," alizoea kusema. "Ukucha haudanganyiki."

Siku moja Otmari, kijana aliyebeba abiria kutoka Mbinga kushuka hadi Ngumbo ziwani, alikuja akiisukuma pikipiki tuliyomtengenezea mwezi mmoja kabla.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unasukuma?"

Alisema alikuwa amempakia mkewe mjamzito. Katikati ya mlima gia ya pili ikachomoka yenyewe, pikipiki ikarudi nyuma, wakaanguka wote wawili. Mkewe alichubuka goti tu. "Lakini nyuma yetu, mama," aliongeza, "palikuwa na korongo."

Shangazi alimpa kigoda, akaanza kufungua injini. Mafundi wawili wa kibanda cha jirani wakasogea kutazama. Alipoifikia gia ya pili, meno yake yalikuwa mazima. Akaigeuza. Ubavuni ina vinundu vinavyoingia kwenye matundu ya gia ya jirani ili zishikane, na pembe zake hutakiwa ziwe kali kama za tofali. Hizi zilikuwa zimeviringika kama kipande cha sabuni kilichoogewa na familia nzima.

Nilikumbuka siku tuliyoifunga: mvua ilikuwa inakuja, tukapitisha ukucha kwenye meno, tukaharakisha. Ubavu hatukuutazama.

"Ni nini?" Otmari aliuliza.

Shangazi alinyamaza, gia mkononi. Nikadakia mimi. "Ni oili mbovu, kaka. Umeweka ile ya kupimiwa kwenye chupa za maji."

Mafundi wa jirani wakatikisa vichwa kukubali. Otmari naye akainama, kama mtu aliyeguswa penye kosa. Nilijiona nimemwokoa shangazi yangu.

"Mtoto amesema uongo," shangazi alisema bila kupandisha sauti. "Oili haina kosa. Gia hii niliishika kwa mkono huu huu. Nilitazama meno, sikutazama ubavu. Mimi ndiye niliyewaangusha."

Fundi mmoja alicheka. Nilikimbilia nyuma ya kibanda nikalia kwa hasira, si kwa toba.

Aliagiza Songea gia ya pili pamoja na mwenzake, kwani gia mpya ukiifunga na iliyochakaa, ile kuukuu huitafuna. Kazi ilipokwisha, Otmari alitoa sharti moja: Shangazi apande naye mlima ule ule. Akajifunga kanga kiunoni, akaketi nyuma, wakaondoka. Waliporudi, Otmari alikuwa anatabasamu. "Imeshika mpaka juu," alisema. "Na mama hakunishika hata bega."

Hata hivyo habari ilienea. Kwa wiki kadhaa wateja walipungua, na jirani zetu wakambandika jina la Fundi Ubavu. Nilimkasirikia kimoyomoyo. Niliona amelitupa jina lake barabarani wakati uongo mzuri ulikuwa umeshaandaliwa.

Leo mimi ni muuguzi. Mchana mmoja wodini niligundua nimeandika kipimo cha dawa kisicho sahihi. Mgonjwa alikuwa bado hajapewa. Daktari akauliza ni nani aliyeandika. Tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa mwanafunzi ambaye kila mtu angeamini ni yeye. Neno "mimi" lilinikaa kooni, zito kuliko injini nzima.

Nililitoa. Na hapo ndipo nilipojua kwamba shangazi, aliponyamaza vile mbele ya wanaume watatu, alikuwa anaogopa sana.