Kafuri katika Maji ya Jikoni

Arobaini ya dada yangu ilikuwa haijafika maji ya jikoni yalipoanza kunukia kafuri.

Mimi ndiye niliyekinga kikombe cha kwanza. Dada alikufa siku ya tatu baada ya kujifungua, akaoshwa bafuni mwetu, nami nilikuwa nikiwapa waoshaji maji kwa kata. Kafuri ilitiwa katika maji ya mwisho. Harufu ile ilikuwa haijanitoka puani, kwa hiyo niliitambua mara moja nilipoinusa tena kwenye kikombe. Nikamwita mama, nikitegemea atashtuka kama mimi. Mama akanusa, akafumba macho, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu maziko.

"Amekuja kumtazama mwanawe," akasema.

Mtoto alikuwa wa kike, mwembamba, tukimlea kwa maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa kwa maji. Tangu siku ile mama akakataza maji yake yasichemshwe, kwani yakichemka harufu hupotea. Nilibishana naye. Akaniambia sina haya, nataka kumfukuza dada yangu kwa moto wa kuni. Nikanyamaza, na kunyamaza kule sijajisamehe.

Harufu haikuja kila siku. Ilikuwa ikija adhuhuri nikiwa peke yangu jikoni, na siku nyingine nilihisi mtu amesimama nyuma yangu nikikinga maji, nikaogopa kugeuka. Mama hakuogopa. Alikuwa akilisalimu bomba, akimwuliza dada kama amelala vizuri. Mtoto naye akaanza kuharisha. Akawa halii tena, anakodoa macho tu.

Baba alijivunia sana bomba lile, maana Bagamoyo ya miaka ile ya hamsini nyumba zenye maji ndani zilikuwa za kuhesabu. Akamleta mtengeneza baiskeli wa mtaani, bingwa wa kila kitu kwa maneno yake mwenyewe. Akabadilisha kipira cha ndani ya bomba la jikoni, akalipiga piga kwa spana, kisha akatuambia kwamba nyumba yenye msiba mbichi haikosi wageni wake. Nilimchukia palepale. Alilipwa, akanywa na chai yetu.

Nilianza kuziangalia siku. Nikaona harufu haiji mpaka maji ya mji yakatike au yapungue nguvu. Maji yakiwa na nguvu, hakuna kitu. Nikajiuliza ni maiti gani huyu anayengoja maji yakatike ndipo aje. Nikamwambia baba, nikamwambia pia kwamba utosi wa mtoto umebonyea. Baba alikwenda akautazama mwenyewe. Kesho yake akampa ujumbe dereva wa lori la Dar es Salaam amtafutie fundi wa bomba mwenye cheti, si wa kubahatisha.

Fundi alikuja siku ya tatu, mtu mzima mwenye mvi, mwenyeji wa Tanga. Baba alimdai cheti kabla hata ya kumkaribisha kiti, akavaa miwani, akakisoma mara mbili. Fundi hakukasirika. Alimwamkia mama shikamoo, akaonja maji, akayatema, akauliza swali moja tu: nyumba hii ina bomba jingine?

Lilikuwapo, bafuni. Lakini bafu lile mama alilifunga siku ya maziko, sisi tukawa tunaoga uani penye uzio wa makuti. Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga yake. Akasema hakuna atakayeingia mle akiwa yeye hai. Baba alisihi, fundi akageukia ukutani kwa heshima. Mimi nikaenda nikamchukua mtoto, nikaushika mkono wa mama, nikakiweka kidole chake juu ya utosi ule.

"Bonyeza, mama," nikasema. "Bonyeza uone kinavyozama."

Akakitoa kidole haraka. Kisha akafungua fundo.

Ndani, kila kitu kilikuwa kama tulivyokiacha. Pipa la maji ya kuoshea lilikuwapo, na mpira wa maji umechomekwa kwenye bomba, ncha yake imezama ndani ya pipa, kama waoshaji walivyouweka ili maji ya marehemu yasipungue. Bomba lenyewe halikufungwa sawasawa. Fundi akatia pipani chembe za dawa ya zambarau, ile ya kuoshea vidonda. Akaenda kufunga koki ya nje, kama vile maji ya mji yamekatika, akaniambia nifungue la jikoni. Maji yakatoka meupe kidogo, kisha yakatoka ya zambarau.

Akatueleza kwamba bomba likiishiwa nguvu hunyonya kinyume, na mpira ukiwa umezama, linavuta kilichomo pipani na kukileta jikoni. Akauondoa mpira, akaweka vali ya shaba inayopitisha maji upande mmoja tu, akamwaga pipa na kuyafungulia mabomba mpaka rangi ikaisha. Kisha akalijaza pipa, akauzamisha tena mpira na kutia dawa, akajaribu mara tatu mbele ya baba. Jikoni hapakuja hata tone la rangi.

Mama alikuwa bado amesimama bafuni, anakitazama kibweta kidogo cha kafuri kilichokuwa dirishani.

"Nilikuwa naitia pipani mimi," akasema. "Kila Ijumaa, pawe kama siku ile." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo hakuja hata siku moja."

Akatoka bafuni. Jioni ile alichemsha maji ya mtoto kwa mkono wake mwenyewe, na baada ya wiki utosi ukajaa. Mtoto aliishi.

Baba akawa anamwita fundi yule kila mwaka aje kuipima vali, na kila mwaka mama alikuwa akijitanda kanga na kwenda kwa jirani mpaka kazi iishe. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, mama hakwenda. Alikuwa hawezi kutembea mbali, akaketi jikoni, na kipimo kilipokwisha akaomba kikombe. Akakiweka puani kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu, mama," fundi akamwambia, akiifurahia kazi yake.

"Najua," mama akasema, akaendelea kunusa.