Kitambaa cha Nyanya Langoni

Harufu ya pasi ya makaa hunirudisha mtaa wa Manyatta, msimu wa mvua ndefu, nikiwa darasa la sita. Mama ananyoosha kitambaa cheupe mezani, wanga unanuka kama uji ulioungua, na omena za jirani, vidagaa vya ziwani, zinanukia dirishani. Kitambaa kilikuwa cha nyanya, mamake mama, wa kijijini Awasi. Alikivaa Jumapili na akina mama wa kanisa, kona moja imeshonwa msalaba wa buluu. Mama alizaliwa Mkatoliki, akasilimu alipoolewa na baba, Mjaluo Mwislamu. Sasa baba alikuwa ametoa amri: nimekua, kichwa wazi sitoki mlangoni. Na katika shule ya parokia, ndiyo pekee tuliyoimudu, Sista Perpetua, mwalimu mkuu, alikuwa amekataza hijabu. Nilikuwa wa pili darasani. Nilitaka kusoma, basi, hilo tu.

Mama akaona amepata njia. Akaukunja msalaba ndani, akanifunga mpaka chini ya kidevu. "Hiki ni chao wenyewe," akasema. "Watakikataaje?" Mshika mbili moja humponyoka, husema wahenga. Mama alishika mbili, na zote zikaponyoka.

Langoni wenzangu walicheka wakashika matumbo. "Sista mdogo! Tubariki basi, leo tuna mtihani!" Sista Perpetua akaja, shela lake limefika mabegani, akakunjua ile kona.

"Wewe Mwislamu unachezea nguo ya kanisa?"

Mimi na mdomo wangu nikasema, "Sista, si hata wewe umejifunika?"

"Mimi nimeweka nadhiri. Wewe umeweka nini?"

Akanivua mbele ya watoto wote, nikahisi kama nimebaki uchi. Akasema nirudi na kichwa wazi au nisirudi kabisa. Nikajifunga tena njiani nikilia, na kwa ile haraka msalaba ukabaki nje. Shangazi Zuhura, dada wa baba, alikuwa akikaanga mandazi kando ya nyumba yetu. Akaniona kabla sijafika mlangoni.

"Ramadhan! Toka uone, mtoto wako amebatizwa!"

Baba hakuniuliza neno. Alisema shule imekwisha. Nilipiga magoti kwenye matope, nikamwambia nitavaa chochote, hata gunia, ila aniache nisome. Akamgeukia mama: kitambaa hiki kimetoka wapi? Mama akatazama chini. "Sijui," akasema. "Labda amepewa huko huko shuleni."

Nawataja wote. Sista Perpetua. Shangazi Zuhura. Ramadhan, baba yangu. Na Akoth aliyenizaa, huyo ndiye ananiuma zaidi, maana wengine angalau walisema walichokiamini. Siku ile kila mmoja wao alikuwa amefunika kichwa vizuri kwa ajili ya Mungu, na mimi nikaozwa kabla sijamaliza kukua. Niliponea kwa kufulia matajiri nguo mtaa wa Milimani, na mpaka leo nafua.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu shule ile ile. Amevaa hijabu, rangi moja na sweta yake. Sista kijana aliyesimama langoni akamrekebishia pini, akamwambia, "Ingia, mrembo." Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Nikamuuliza, "Sista, ile sheria iliondolewa lini?"

Akanitazama kwa upole. "Sheria gani, Mama?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Kengele ikalia, akafunga lango, nikabaki nje.